Kumwachia Daktari

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma saruji ya viwanja, meneja mpya wa klabu ya tenisi aliwaita wachezeshaji wote sita kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akawagawia karatasi moja moja. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, karatasi ilisema: JIPIME MWENYEWE. Mmoja wao, aliyeitwa Ukuta, aliisoma mara mbili akidhani amepewa kwa makosa mtihani wa watoto.

Mchezeshaji, kwa asiyejua, ni mtu anayewekwa na klabu ili wanachama wasikose wa kucheza naye. Mwanachama anakuja na raketi yake na kitambi chake, mwenzake kachelewa au hana mwenzake kabisa, basi anapewa mchezeshaji. Kazi ni kurudisha mpira. Si kuurudisha ovyo, hapana. Ni kuurudisha pale mwanachama anapoupenda, kwa kasi anayoimudu, ili mtu wa watu arudi ofisini akijiona simba. Mchezeshaji mzuri hashindi. Mchezeshaji mzuri sana anashindwa kwa taabu, anahema, anashika kiuno na kusema, "Leo umeniweza, mkubwa." Ukuta aliifanya kazi hiyo tangu ana miaka ishirini, na sasa alikuwa na arobaini na minne. Jina hilo walimpa wanachama wenyewe, kwa kuwa kila walichompigia kilirudi.

"Kuanzia mwezi ujao hakuna wachezeshaji, kuna makocha tu," alisema meneja. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni na sauti isiyopanda wala kushuka. "Kocha kazi yake ya kwanza ni kupima kiwango cha mwanafunzi. Sasa nataka kuona kama mnaweza kupima vya kwenu."

Masharti aliyasoma polepole ili asiulizwe mara mbili. Kila mtu, mchezeshaji na mwanachama, angejiandikia kiwango chake, kuanzia moja hadi saba, na kurudisha fomu mapokezi kabla ya Jumatano saa sita mchana. Jumamosi angecheza seti moja, mpaka mmoja afikishe gemu sita, na mtu aliyejiandikia namba hiyohiyo. Wakimaliza, kila mmoja angejiandikia upya, na kumwandikia mwenzake pia. Mchezeshaji angefanywa kocha ikiwa namba zake tatu, mbili alizojipa mwenyewe na moja aliyopewa na mpinzani, hazipishani zaidi ya moja, na hakuna hata moja iliyo chini ya nne.

"Na matokeo ya seti?" aliuliza Mjeledi, mchezeshaji mwenye miaka thelathini na mkono mrefu, aliyekuwa akipiga sevu, ule mpira wa kuanzia, mpaka unalia.

"Siyahitaji. Mtu anaweza kufungwa na bado akajijua."

"Na asiyefika nne?"

"Nitamwandikia barua nzuri ya shukrani," alisema meneja, akatoka.

Ukuta aliogopa. Hakuna haja ya kulipamba jambo hili. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua. Hakuwa na cheti, hakuwa na fundi aliyewahi kumfundisha kushika nyundo wala mwiko. Nyumbani alikuwa na mke na watoto wawili waliokuwa bado wanavaa sare. Na juu ya hayo yote alikuwa na goti la kulia ambalo tangu mwaka juzi lilimfanya ashuke ngazi kwa ubavu. Lakini kilichomtoa kijasho chembamba hasa ni kwamba hakujua aandike nini. Mara ya mwisho kucheza seti kwa nia ya kushinda, alikuwa hajaota ndevu. Kwa miaka ishirini na minne alikuwa akipunguza: kasi alipunguza, nguvu alipunguza, akili alipunguza. Ukipunguza kila siku, utajuaje kilichobaki ni kiasi gani?

Aliegemea makabati, akasoma maelezo ya kila kiwango. Cha tatu: unarudisha mipira mingi ya kasi ya kawaida, lakini mpinzani ndiye anayeamua mchezo uende wapi. Cha nne: unaamua mwenyewe mpira uende wapi, hata ukikimbizwa. Cha tano: unajua upande dhaifu wa mpinzani wako na unautumia.

Hapo kwenye cha tano alicheka peke yake. Nani katika klabu nzima alijua pande dhaifu za watu kumshinda yeye? Alijua mkandarasi akikimbizwa mbele anajikwaa. Alijua mwalimu mkuu mstaafu haoni mpira unaotoka kwenye jua. Alijua daktari wa mifupa, aliyecheza naye kila Jumanne kwa miaka minane, ana upande wa kushoto uliooza. Mpira ukienda huko unarudi umelegea kama kitambaa cha kudekia. Alizijua zote, na kila siku ya kazi alizikwepa. Je, kuujua upande dhaifu na kuukwepa ni kiwango cha tano, au ni kitu gani?

Alimfuata Mjeledi nje. "Twende tukapigane seti moja. Ya kweli, bila mchezo wa kazi. Nataka kujiona tu."

"Nikuoneshe silaha zangu siku tano kabla ya vita?" Mjeledi alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Wee kaka, kila mtu abebe msalaba wake."

Wengine wanne walimjibu hivyohivyo kwa maneno mengine. Watu waliokula sahani moja miaka nenda miaka rudi, sasa kila mmoja alificha raketi yake kama mwizi. Basi akaenda kwa wanachama. Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa benchini anafunga viatu, na Ukuta alimwinamia kwa adabu.

"Mwalimu, niambie ukweli kama ungemwambia mwanafunzi. Mimi ni wa ngapi?"

"Wewe? Wewe ni saba, baba!" alisema bibi yule kwa furaha. "Unanirudishia vizuri mpaka nasahau umri wangu. Katika hawa wote, wewe ndiye bingwa."

Kilemba cha ukoka. Na asingeweza kulalamika, maana kuwavika watu vilemba vya ukoka ndiyo kazi iliyomweka mjini miaka yote hiyo. Leo alipotaka kofia ya kweli, hakuna aliyekuwa nayo.

Jumanne asubuhi alipeleka raketi yake kwa Mama Nyuzi, ambaye kijichumba chake kilikuwa chini ya ngazi, hakitoshi watu wawili na mashine ya kukazia nyuzi. Mama Nyuzi aliishika ile raketi, akapitisha kidole gumba juu ya nyuzi, kisha akaisogeza kwenye taa.

"Hizi nilikufungia lini?"

"Mwaka juzi. Kabla ya mvua."

"Na hazijakatika?"

"Unafunga vizuri, mama."

"Wote nawafungia vizuri. Mjeledi zinamkatikia kila baada ya wiki tatu. Daktari wako wa mifupa nimemfungia mara mbili mwezi huu."

"Daktari anapiga kwa hasira," alisema Ukuta. "Mimi napiga kwa utamu."

Mama Nyuzi alimtazama juu ya miwani, akataka kusema jambo, akaliacha. "Nikaze kiasi gani?"

"Kaza kama za mtu anayeshinda."

"Haya," alisema, akaanza kukata zile za zamani kwa koleo, moja baada ya nyingine.

Saa nne daktari alifika, kwa kuwa Jumanne hakuwa na zamu ya upasuaji. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, mpole, anayeomba radhi hata mpira wake ukigusa mstari. Walicheza kama walivyocheza Jumanne zote. Ukuta alimpelekea mipira upande wa kulia, mizuri, ya kiunoni, daktari aliichapa. Alijiruhusu gemu tatu, kwa sababu mwanachama akishinda sita kwa sifuri anaanza kushuku. Sita kwa tatu. Ukuta akashika kiuno, akahema, akasema leo umeniweza. Kuhema, kwa kweli, siku hizi hakukuwa na maigizo mengi.

"Umeshajaza fomu?" aliuliza daktari, akijifuta jasho.

"Bado nafikiri, daktari."

"Mimi nimejiandikia tano." Daktari alitazama chini, kana kwamba amesema jambo la kujisifu kupita kiasi. "Sijui kama nimekosea. Lakini kama nina mchezo wowote, umetokana na wewe."

Ukuta alitabasamu tabasamu la kazini. Moyoni alimwonea huruma. Maskini daktari wa watu, tano nzima kaijenga juu ya mtu anayemwachia!

Nyumbani mkewe alikuwa anashona sare, rundo la kola nyeupe pembeni yake. Aliposikia habari yote hakuusimamisha mguu wake kwenye cherehani.

"Andika namba kubwa, baba watoto. Ukiandika ndogo nani atakukatalia? Watakuamini mara moja."

"Nikiandika kubwa nitapangiwa mtu mkubwa. Atanidhalilisha mbele ya watu, halafu ataniandikia mbili."

"Na ukiandika nne?"

"Kuna Mjeledi. Mjeledi kaandika nne, nimemwona. Ana miaka thelathini na goti zima." Ukuta alikaa kitandani, akalikunja goti lake, akalikunjua. Lilitoa mlio. "Mama watoto, mimi sijui. Naapa sijui. Nimejitafuta tangu jana sijajiona. Nikijaribu kufikiria nacheza vizuri, namwona mwanachama anacheka."

Hapo ndipo mguu ulipotulia. Mkewe alimjua kwa mengi, lakini hakuwa amemwona akiwa na macho kama yale, macho ya mtu aliyefikwa na maji shingoni.

"Hivi hakuna hata mmoja ambaye unajua, bila shaka yoyote, kwamba unaweza kumfunga?" aliuliza.

Ukuta aliliacha goti lake. "Daktari," alisema.

Jumatano saa nne na nusu alisimama mapokezi, fomu mkononi. Karani wa mapokezi alikuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo maneno yake yalikuwa dhahabu.

"Ni nani mwingine kaandika tano?" Ukuta aliuliza, akijitia hamnazo.

"Daktari wa mifupa peke yake. Meneja anaumiza kichwa, anasema asipopatikana mwingine itabidi amtafutie mtu klabu ya jirani."

Kumbe ilikuwa rahisi hivyo. Akiandika tano, Jumamosi angecheza na daktari, na daktari ni mtu ambaye yeye Ukuta angeweza kumfunga siku yoyote aliyotaka. Miaka minane alikuwa hataki, basi. Angempelekea mpira wa kwanza kushoto, wa pili kushoto, wa tatu kushoto, na kazi ingeishia hapo. Daktari mwenyewe, kwa uungwana wake, angemwandikia tano bila kinyongo. Kitu kimoja tu kilimchoma: ingembidi amvunje mtu mwema mbele ya klabu, amwoneshe kwamba ushindi wa miaka minane ulikuwa pipi ya kumbembelezea mtoto. Alimkumbuka mkewe alivyomjibu jana yake alipomtajia jambo hilo. "Daktari atapona," alisema. "Sisi je?"

Akaandika tano. Aliibonyeza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

Alhamisi na Ijumaa alilifunga goti bandeji, akalilaza juu ya mto, akalisemesha kwa upole kama mtu anayembembeleza mkopeshaji. Usingizi ulikuja kwa vipande. Kila alipofumba macho aliona upande wa kushoto wa daktari, umelegea, unamngoja.

Jumamosi saa tatu viwanja vyote vinane vilijaa. Meneja alizunguka na ubao wake, anapiga filimbi huku na kule, hatazami mchezo wowote zaidi ya dakika moja. Ukuta na daktari walipewa kiwanja cha mwisho, kando ya uzio. Walipokutana kwenye wavu, daktari hakutoa mkono mara moja.

"Ukuta, ulikuwa na ulazima wa kuandika tano?"

"Fomu imesema mtu ajipime, daktari."

"Ni kweli." Daktari alivuta pumzi. "Na meneja katutaka tutie saini kwamba tutacheza kweli. Mimi nimetia saini."

"Hata mimi."

"Basi unisamehe," alisema daktari.

Ukuta aliona ni maneno ya ajabu kutoka kwa mtu anayekwenda kuchinjwa. Aliyaweka pembeni.

Gemu ya kwanza ilimponyoka kabla hajajua imeanza. Alijiambia kushoto, kushoto, na mkono wake ukapeleka kulia. Mpira mzuri wa kiunoni. Daktari akauchapa kwenye kona. Tena: kichwa kinasema kushoto, mkono unapeleka kulia. Miaka ishirini na minne mkono ulikuwa umejifunza adabu, na sasa haukusikia la mtu. Gemu mbili kwa sifuri. Alipokwenda kuokota mpira, Ukuta aliupiga mkono wake wa kulia kwa kiganja cha kushoto, hadharani, kama mzazi anayemwadhibu mtoto dukani.

Gemu ya tatu aliuma meno, akapiga. Mpira ulikwenda kushoto kwa daktari, wa chini, wa kasi, pale hasa alipotaka uende. Aliusindikiza kwa macho akiwa tayari ameanza kusogea mbele kuupokea mpira uliolegea.

Haukulegea. Daktari aligeuza bega, akashusha mguu mmoja, akaupiga kwa mgongo wa mkono, na mpira ukapita pembeni ya Ukuta ukiunguruma, ukagusa mstari, ukagonga uzio.

Bahati, alisema Ukuta. Akampelekea tena kushoto. Ukarudi vilevile. Akampelekea wa juu, akampelekea wa kando, akampelekea wa kuzunguka. Yote ilirudi kwa ile sauti kavu ya nyuzi zinazofanya kazi. Upande wa kushoto wa daktari haukuwa umeoza. Ulikuwa ndio bora wake. Tatu kwa sifuri, nne kwa sifuri. Sasa Ukuta alikuwa akikimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki, jasho likimwingia machoni, goti likichoma kwa kila hatua, na hakuna hata mara moja ambapo yeye ndiye aliyeamua mpira uende wapi. Alijaribu kuuangusha karibu na wavu. Daktari alikuwa ameshafika. Alijaribu kupiga kwa nguvu zake zote, nguvu alizokuwa akizitunza miaka yote kwa siku kama hii, akakuta ghala ni tupu. Hakukuwa na kitu kilichotunzwa. Tano kwa sifuri.

Alitaka kulia. Alitaka kukaa chini katikati ya kiwanja na kulia kama mtoto aliyepotezwa sokoni, na kilichomzuia ni kwamba goti lisingekubali kukaa chini haraka.

Gemu ya sita aliipigania kwa roho. Alirusha kila alichokuwa nacho. Mpira mmoja uligusa kona kabisa, mwingine daktari aliupeleka nje, mwingine ukamgonga kwenye fremu ya raketi na kupaa. Gemu ya Ukuta! Aliinua ngumi, na kwa dakika moja hivi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote pale klabuni. Tano kwa moja. Kisha daktari akapiga sevu nne, na seti ikaisha.

Walikaa benchini. Fomu mbili zilikuwa kati yao, zimekandamizwa na kopo la mipira. Daktari alijimiminia maji kwenye kikombe. Kwenye viwanja vya jirani watu walikuwa wanacheka.

"Huo upande wa kushoto," alisema Ukuta mwishoni. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Tangu lini?"

"Nilijifunza zamani. Mwaka wa tatu hivi tangu tuanze."

"Mbona Jumanne..."

"Jumanne ulikuwa huniletei mpira huko. Nilijua unanihurumia. Niliona aibu kukuambia usinihurumie." Daktari alizungusha kikombe cha maji mkononi. "Miaka ya mwanzo ulikuwa unaniachia, Ukuta. Nilikuwa najua. Halafu mambo yakageuka, na wewe hukujua. Goti lako lilipoanza, nikaona hufiki tena kwenye mipira. Ningekufunga sita bila, kila wiki, mbele ya wenzako. Nikawa nakuachia tatu. Ulikuwa ukifurahi sana ukipata ya tatu."

Ukuta alisikia masikio yakimlia. Zile gemu tatu alizokuwa akijiruhusu! Zile alizozihesabu moyoni kama ushahidi kwamba angeweza kuchukua hata tano, hata sita, siku akitaka!

"Na ya leo?" aliuliza. "Ile moja?"

Daktari alianza kupangusa mpini wa raketi yake.

"Daktari. Niliipigania ile. Niambie."

"Mkono," alisema daktari kwa taabu. "Mkono umezoea. Nisamehe."

Basi hapo hakubaki na kitu. Ukuta alitazama fomu yake, akaiona namba tano aliyoichimba kwa kalamu. Chini yake palikuwa na kisanduku kitupu: Kiwango chako baada ya mchezo. Jibu alikuwa nalo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, kwa mara ya kwanza pengine tangu utoto, alijua yeye ni wa ngapi, bila wasiwasi hata chembe. Unarudisha mipira mingi ya kasi ya kawaida, lakini mpinzani ndiye anayeamua. Walikuwa wamemwandika yeye pale, bado jina tu. Tatu. Na tatu ilikuwa barua nzuri ya shukrani.

Daktari alichukua kalamu, akaandika haraka kwenye sehemu yake, akaisukuma karatasi. Kwenye mstari wa mpinzani aliandika nne.

"Andika nne," alisema kwa sauti ya chini. "Tano, nne, nne. Hazipishani zaidi ya moja."

"Wewe ulitia saini, daktari. Kwamba kweli tupu."

"Nilicheza kweli. Saini ilikuwa ya kucheza."

"Na mimi sijafika nne."

"Sijakuuliza umefika wapi. Andika, meneja anakuja."

Kweli alikuwa anakuja, filimbi ikimpigapiga kifuani, viwanja viwili tu kutoka kwao. Ukuta alishika kalamu. Alitaka kusema mengi. Alitaka kusema hapana, asante, nimekula vya kuachiwa vya kutosha. Alimwona mtu wa namna hiyo akilini, mtu anayeinuka, anaandika tatu kwa mkono usiotetemeka, anatoka getini kichwa juu. Alimtazama mtu yule kwa wivu. Kisha akafikiria watoto wake, akafikiria mguu wa mkewe juu ya cherehani, na akafikiria kuamka Jumatatu akiwa na miaka arobaini na minne bila pa kwenda. Kivuli cha meneja kiliingia kiwanjani.

Akaandika nne.

Meneja alizichukua fomu zote mbili, akazisoma akiwa amesimama. "Tano, nne, nne," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda kidogo. "Umeshuka mwenyewe kutoka tano, na mpinzani kakubaliana na wewe. Unajua ni wangapi leo wamekubali kushuka? Hongera, kocha. Jumatatu saa mbili una wanafunzi kumi na wawili wa kuwapima."

"Asante, madamu," alisema Ukuta.

Daktari alikuwa anafunga mkoba wake wa raketi, na zipu ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida.

Njiani Ukuta alitembea polepole, kwa sababu ya goti na kwa sababu hakuwa na hamu ya kufika. Mkewe alimwona dirishani na kutoka kumpokea mlangoni, uzi ukiwa bado umemning'inia mdomoni.

"Niambie."

"Nimepata. Mimi ni kocha."

Mkewe alipiga kelele ya furaha, akamshika mabega, akamtikisa, akamwita majina ambayo hakuwa amemwita tangu wapo wachumba. Alimwingiza ndani, akamkalisha kitandani, akamvua kiatu cha mguu mbovu. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na Ukuta alijitahidi kucheka naye.

"Si nilikwambia?" alisema. "Si nilikwambia daktari ni wa kwako? Lakini natumaini hukumwaibisha sana, maskini. Ulimwachia gemu ngapi?"

Ukuta alitazama ukutani, kwenye kola nyeupe zilizotundikwa msumarini.

"Sita," alisema.

Mkewe, aliyekuwa ameishi na mchezeshaji miaka kumi na minane, alijua vizuri seti inaishia kwenye gemu ya ngapi. Kicheko kilimkatika. Alibaki amepiga magoti sakafuni, kiatu mkononi, akimtazama mumewe usoni kwa kitambo, na Ukuta hakuyaondoa macho yake kwenye zile kola. Mkewe alikiweka kiatu chini, akachukua mto, akauweka chini ya goti la mumewe.

"Jumatatu uamke mapema," alisema, akarudi kwenye cherehani.